Marahaba ya Marehemu Chande

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Mkisikia ndani yake jambo linalofanana na la kwenu, kosa ni la masikio yenu. Mimi mwenyewe niliitafuta kwenye ramani mpaka bwana mmoja mwenye koti refu akaniomba, kwa upole mwingi, niache kutafuta. Ninachojua ni kwamba iko upande wa baridi, theluji huanguka huko miezi saba kwa mwaka, na ilitawaliwa na Malkia mwenye moyo mzuri kuliko malkia wote waliowahi kuvaa taji. Moyo wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba wengi hawakupona.

Malkia hakuzaliwa pale. Aliletwa kuolewa, na mumewe akafariki ghafla wakati wa kifungua kinywa, mbele ya maofisa sita waliokuwa wakimsaidia kula. Mjane huyo, masikini, alilia siku nzima, na kesho yake akaanza kujifunza lugha ya raia wake. Aliisoma kwenye kamusi, kuanzia herufi A, ukurasa mmoja kila asubuhi. Alipofika M akakuta maneno matatu yaliyomkaa moyoni: maarifa, mageuzi na mlezi. Akafunga kamusi akasema, "Basi, nimeielewa nchi." U hakuifikia, na mimi sisemi U kuna neno gani.

Tangu siku hiyo mambo yakawa mazuri, jamani, mazuri kupita kiasi. Kwa upande wa mageuzi, Malkia alipiga viboko marufuku katika dola nzima. Watu wakawa wanachapwa kwa fimbo ndefu kidogo iliyoitwa mwongozo, na ukikutana na mtu anayetembea kwa taabu atakwambia kwamba jana amepewa miongozo ishirini. Kwa upande wa maarifa, kila Alhamisi Malkia alimwandikia barua mwanafalsafa mmoja wa ng'ambo kumweleza kwamba kila binadamu amezaliwa hana bwana. Barua hizo zilipelekwa mpaka mpakani na wapagazi wanne waliokuwa mali yake.

Maana katika nchi ile mtu huzaliwa na bwana wake kama sisi tunavyozaliwa na kitovu. Chande naye alikuwa na wa kwake, Bwana Rehani, mwenye mashamba ya shayiri, misitu, na watu mia tatu na kitu. Chande alikuwa mrina asali. Mkewe alikuwa ameshafariki. Mke huyo alitumika ndani ya nyumba ya Bwana Rehani miaka minne, akarudi haongei, na hakuongea tena mpaka alipozikwa. Alimwachia Chande binti mmoja, Tunu, na jina lilimstahili, kwa sababu Chande hakuwa na tunu nyingine duniani.

Kazi waliifanya pamoja. Chande akipuliza moshi mzingani, Tunu aliimba kwa sauti ya chini, kuwatuliza nyuki:

Tulieni, wenye nyumba,
mgeni hakai sana,
achotacho ni kidogo,
kingine awaachia.

Siku Malkia alipopita kukagua furaha ya raia, Bwana Rehani alikuwa amejiandaa. Alipaka rangi kuta zote zinazotazama barabara, na pale palipokosa ukuta alisimamisha mbao, akachorewa nyumba, madirisha yenye maua, na ng'ombe wanene wanaocheka. Wagonjwa walipangwa nyuma ya mbao na kuambiwa wasikohoe. Gari la Malkia lilikuwa linapita vizuri kabisa, mpaka sauti ilipotoka nyuma ya ng'ombe wa mbao.

"Nani anaimba?" Malkia aliuliza.

"Nyuki, Mtukufu," alijibu Bwana Rehani.

"Nyuki wenu wana elimu!" alisema Malkia, akashuka.

Akazunguka mbao, akamkuta Tunu, binti wa miaka kumi na saba, amesimama na beseni la masega. Akamwamuru aimbe tena. Jicho la kushoto la Malkia likatoa chozi. Jicho hilo ndilo lililokuwa la sanaa; la kulia lilikuwa la utawala, nalo lilibaki kavu.

"Kipaji hiki kinahitaji mlezi," alisema. "Nitamlea mimi. Atasoma katika Chuo changu cha Sanaa na Maarifa, na shayiri ikiiva nitamrudisha kuwasalimu."

"Mchukueni, Mtukufu," Bwana Rehani aliinama mpaka wigi likadondoka. "Mchukueni na mizinga miwili juu yake."

Wote wakamgeukia Chande, wakisubiri. Yeye alikuwa amezoea kwamba ukitazamwa na wakubwa unashukuru, halafu baadaye ndipo unajua ulichokuwa unashukuru. Akasema, "Ahsante, Mtukufu." Neno hilo lilimwuma mdomoni kwa miaka mitatu.

Gari lilipoondoka, Tunu alichungulia dirishani, akapiga kelele, "Shikamoo, baba!"

"Marahaba, mwanangu!"

Akaamkia tena, naye akaitikia tena, mpaka magurudumu yakawa mbali. Kwao shikamoo haiachwi hewani. Mkubwa asiyeitikia ama ana hasira isiyosameheka ama amekufa, na Chande hakutaka binti yake adhani lolote kati ya hayo. Shayiri ikaiva mwaka ule. Ikaiva wa pili. Ikaiva wa tatu, na hakuna aliyerudishwa kumsalimu mtu.

*

Ndipo likaja tangazo la Baraza Kuu la Sauti za Watu. Kila shamba lilete mtu mmoja mji mkuu, aje aseme shida za wenzake, na Malkia atazitungia sheria mpya. Loo, shangwe ilioje! Bwana Rehani aliwatazama watu wake mmoja mmoja, akaona wengine wote wana kazi, akamchagua Chande kwa sababu kipindi cha baridi nyuki hawana la kumwambia mtu.

Wenzake walimpa shida zao: miongozo imezidi, malisho yamechukuliwa, bwana anaozesha watu kwa kupiga kura za vijiti. Chande aliziweka zote kichwani. Lakini chini kabisa aliweka yake: anamtaka mwanawe. Akabeba mtungi wa asali, akatembea siku kumi na moja kwenye theluji.

Ukumbi wa Baraza ulikuwa na wajumbe mia nne na kumi. Spika, mzee mmoja mwenye sauti ya kinanda kibovu, alifungua kikao kwa kusema kwamba kabla ya kuzungumzia shida za watu ni adabu kumpa Malkia cheo kinacholingana na wema wake. Hilo, alisema, halitachukua zaidi ya dakika kumi.

Lilichukua siku thelathini na nane. Neno "Mkuu" lilikataliwa kwa sababu jikoni tayari kulikuwa na Mkuu wa Supu. "Jua la Taifa" lilikataliwa kwa sababu jua huzama, na aliyelipendekeza alisindikizwa nje kupewa miongozo. Mwisho yakabaki mawili: Mama wa Taifa na Mlezi wa Taifa. Wa Mama walisema mama ana uchungu. Wa Mlezi walisema ndiyo maana hasa, Malkia hawezi kuwa na uchungu, daktari wake hajaruhusu. Watu walirushiana wino. Mjumbe mmoja wa kaskazini alifariki kwa uzee katikati ya hotuba yake mwenyewe, na ikabidi aimalizie mwingine.

Chande alikaa nyuma na mtungi wake mapajani, akisubiri zamu ya shida za watu. Siku ya thelathini na nane ikapigwa kura. Mama, mia mbili na nne. Mlezi, mia mbili na nne. Ukumbi ukanyamaza. Chande akaona kumbe kuna kimya, na siku zote hizo alikuwa akikitafuta kimya kama hicho. Akanyoosha kidole. Kwao, mtu akinyoosha kidole anaomba kusema.

"Mheshimiwa wa Asali ameivunja sare!" Spika alipiga kengele. "Mlezi wa Taifa, mia mbili na tano!"

"Hapana, mzee, mimi naomba kusema tu. Nina binti yangu..."

"Umeshasema, mheshimiwa, na umesema vizuri sana."

Wajumbe waliruka juu ya meza. Malkia alitokea kwenye roshani, akakikataa cheo mara tatu kwa unyenyekevu, kisha mjakazi akamletea mitandio miwili iliyokwisha kutariziwa, mmoja MAMA na mmoja MLEZI. Akajifunga wa Mlezi, na ule mwingine ukarudishwa kabatini. Spika akatangaza kwamba kwa mafanikio haya makubwa Baraza limefungwa, na kwamba shida za wananchi zitasikilizwa katika kikao kijacho, ambacho hakitakuwapo.

Sasa, kila nchi ina wanasheria wake, na wa nchi ile walikuwa hawalali. Usishangae, walichunguza neno. Kisheria, walisema, mlezi huwekewa mtoto aliyefiwa na wazazi. Malkia ni Mlezi. Chuoni analea wasanii mia mbili na kumi na wawili, na wengi wao wana wazazi. Basi Malkia ni mlezi wa uongo? Nani atathubutu kusema hivyo? Walikaa asubuhi nzima, na ikaonekana ni rahisi kurekebisha wazazi kuliko kurekebisha sheria.

*

Chande hakujua. Yeye alikwenda Ikulu ya Maombi kumwombea binti yake ruhusa ya kurudi nyumbani. Mlangoni palikuwa na kibao alichokiandika Malkia kwa mkono wake, kwa msaada wa kamusi, na hakuna mtu aliyekuwa na roho ya kumsahihisha: WENYE HAJA KUBWA MLANGO WA NYUMA. WENYE HAJA NDOGO UKUTANI.

Haja yake Chande ilikuwa kubwa, hilo alikuwa na hakika nalo. Akazunguka nyuma, akapanga foleni kwenye theluji na watu wengine kwa muda mrefu. Wenzake waliingia na kutoka wamepata nafuu. Yeye alipoingia ndani akatazama huku na huku, akatazama chini, akatoka vile vile alivyoingia. Mfagiaji mmoja alimwonea huruma, akamwonyesha ngazi ya ghorofani, ambako kulikuwa na mlango usio na kibao chochote. Hiyo ndiyo ilikuwa ofisi.

Ndani alikaa Karani Kifungu, mtunza daftari la Chuo. Hakuwa mtu mbaya, nasema kwa haki. Alikuwa na mafua na miwani, na alipofungua daftari na kusoma jina, aliinuka, akavua kofia, akampa Chande mkono.

"Pole sana kwa msiba, mzee."

Chande akauachia mkono ule. "Tunu?"

"Tunu hajambo, ana afya tele. Msiba ni wako wewe. Chande, mrina asali, baba wa Tunu. Umefariki Jumanne iliyopita."

"Mimi?"

"Nyinyi nyote. Mmekufa wazazi mia tatu na tisini siku moja. Tulichoka mno."

"Nimekufa kwa ugonjwa gani, bwana karani?"

Kifungu akapitisha kidole kwenye mstari. "Kwa mujibu wa sheria."

Akamweleza yote, taratibu, akipenga kamasi kila kituo: lile neno mlezi, na kura moja iliyolipitisha. Chande alikitazama kidole chake. Hakusema kwamba ni chenyewe.

"Hakuna namna nikawa hai?"

"Ipo. Kuna Rufaa ya Uhai. Mashahidi wawili, na bwana wako atie sahihi kwamba unapumua kwa idhini yake. Ila nakushauri, mzee wangu, kama ndugu." Akashusha sauti. "Ukiwa hai, binti si yatima. Asipokuwa yatima hana mlezi. Asipokuwa na mlezi anarudi kwa mwenyewe."

"Ndiyo! Kwangu!"

"Kwa mwenyewe, mzee. Bwana Rehani. Ameshaandika barua mbili kuuliza. Anasema binti sasa ameelimika na ana matumizi naye, ndani ya nyumba."

Chande aliijua nyumba ile. Alimkumbuka mkewe akirudi na kifurushi chake, akikaa jikoni na kutazama maji yakichemka mpaka yakaisha. Alikuwa ametembea siku kumi na moja kumrudisha mwanawe nyumbani, na sasa ndio anagundua kwamba nyumbani ni kwa Bwana Rehani. Alitaka kulia kwa hasira, lakini hakujua marehemu anamlilia nani.

"Basi nimwone tu," alisema. Akausukuma mtungi wa asali mezani. "Nimwone halafu nitakufa vizuri."

Kifungu akachovya kidole, akalamba, akafumba macho kwa utamu. Alipoyafumbua alikuwa na wazo, kwa sababu kumbe na yeye alikuwa na shida yake. Malkia aliagiza sanamu kumi na mbili za mawe meupe kutoka ng'ambo, moja ikadondoka kwenye sleji, gari la kuburutwa juu ya theluji, na kuvunjika, na mabalozi walikuwa wamealikwa kuja kuhesabu kumi na mbili. Kifungu ndiye aliyeambiwa aitafute ya kumi na mbili ama aitafute kazi nyingine.

"Marehemu hapewi kiti ukumbini," alisema. "Lakini unaweza kusimama."

*

Wakampaka chokaa kutoka utosini hadi kwenye kucha, wakamvika shuka, wakampandisha juu ya kijukwaa chenye maandishi BUSARA. Alionywa asipepese macho wala asijikune. Saa tisa alasiri mabalozi wakaingia, wakahesabu kumi na mbili, wakaridhika. Mmoja alisema Busara imechongwa vizuri isipokuwa tumbo.

Mchezo uliitwa Yatima wa Mzinga. Uliandikwa na mtunzi wa ng'ambo, kwa lugha ya ng'ambo, vinanda arobaini vikikwaruza kwa pamoja. Tunu akatoka amevaa nyeupe. Alikuwa amerefuka. Alikuwa sasa anajua lugha tatu za wageni, na ile ya kwao aliruhusiwa kuisema Jumapili baada ya chakula. Akaimba kuhusu baba yake aliyekufa, na Chande hakuelewa neno hata moja, mpaka vinanda viliponyamaza na Tunu akashuka sauti, akaimba kile kipande kilichobaki bila kutafsiriwa: tulieni, wenye nyumba, mgeni hakai sana. Jicho la kushoto la Malkia likafanya kazi yake. Ukumbi ukasimama.

Kisha Malkia akamshika Tunu mkono, akawazungusha mabalozi kwenye sanamu. Mbele ya Busara Tunu alisimama.

"Hili linanuka moshi wa mzinga," alisema.

"Huo ndio uhalisia, binti yangu," alisema Malkia. "Wenzetu ng'ambo wamefika mbali."

Tunu alisogea karibu. Alikuwa anautazama mkono wa sanamu, dole gumba lenye vivimbe vya miaka thelathini ya miiba ya nyuki. Hakuna mchongaji anayechonga kitu kama hicho. Uso wake ukabadilika. Akainamisha kichwa, akasema kwa lugha ya kwao, ingawa haikuwa Jumapili:

"Shikamoo, baba."

Jibu likampanda Chande kooni lenyewe, kama linavyompanda kila baba. Lilifika nyuma ya meno. Hatua mbili tu nyuma ya Malkia alisimama Kifungu na daftari, ameshika kalamu, uso umempauka. Sauti moja, na Tunu si yatima. Sauti moja, na anapakiwa kesho. Chande akayaona maji yakichemka jikoni na mkewe akiyatazama. Akakaza taya.

"Shikamoo," Tunu alirudia. Akasubiri. Alisubiri kama alivyosubiri utotoni, kichwa kimeinama, kama asikiaye hatia kabla hajajua kosa lake.

Busara haikuitikia.

Mabalozi wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya mchezo. "Mnaona?" alisema Malkia. "Chuo changu kimewafundisha kuheshimu hata mawe!" Tunu akainua kichwa, akaitazama ile sanamu mara moja, akaondoka na wenzake. Alipokwisha kupita mlangoni, chozi lilichora mstari kwenye chokaa, na Malkia akaliona. Gazeti la Ikulu likaandika kesho yake kwamba sanaa imestawi katika dola mpaka mawe yanalia kwa shukrani.

Jioni ile ile kabla taa hazijawashwa Kifungu alimletea fomu. Iliitwa Ridhaa ya Kufa, na ilihitaji dole gumba tu. Chande alibonyeza bado ana chokaa, alama ikatoka nyeupe juu ya karatasi nyeupe, na Kifungu akampaka wino, akamwomba samahani, akamwambia abonyeze tena.

"Hapo sasa," alisema. "Hakuna wa kumgusa."

*

Alibaki mji mkuu. Jumanne na Ijumaa alisimama kama Busara, na mara nyingine Tunu alipita ukumbini na madaftari yake. Hakusimama tena. Alikuwa akipita upande wa pili, na Chande alijua ni kwa nini: kwa hesabu ya Tunu, baba aliyekufa haendi kusimama kwenye jukwaa, kwa hiyo yule alikuwa hai, na alikuwa na hasira. Ilimchoma. Lakini alikuwa akimwona ameshiba, ana viatu, anasoma. Alijiambia kwamba inatosha, na siku nyingine aliamini.

Theluji ilipoanza kuyeyuka Malkia akaifungua tena kamusi. Alikuwa ameimaliza M, akaanza N, na mwishoni mwa N akakuta neno nyota. Mtume! Alilipenda hapo hapo. Akaagiza darubini kubwa kuliko zote, na pa kuiweka pakaonekana mahali pamoja tu, jengo la Chuo, wanafunzi wakishaondolewa. Kwa mwendo wake ule U angeifikia baada ya miaka arobaini, na yeye alikuwa ametimiza sitini na mmoja.

Ijumaa, mbele ya sanamu kumi na mbili na mabalozi wote, Spika alisoma waraka. Malkia, kwa wingi wa malezi yake, ameamua kuwashirikisha mabwana wa nchi katika tendo jema la kulea. Kila yatima atagawiwa mlezi. Akaanza kusoma majina. Chande alisimama bila kupepesa mpaka likafika la mia na sita.

"Tunu, yatima, anapewa Bwana Rehani, aliyekuwa rafiki wa karibu wa marehemu baba yake. Pingamizi, kama lipo, litolewe na mzazi."

Busara ikashuka kwenye kijukwaa.

"Lipo!" Chande alipaza sauti, chokaa ikimwanguka mabegani. "Mimi ni mzazi! Mimi ndiye baba yake, niko hai, napinga!"

Ukumbi mzima ukageuka. Halafu Malkia akapiga makofi kama mtoto. "Linasema! Mabalozi, mmelisikia? Nani kalichonga?" Mabalozi wakasimama kwenye viti. Mmoja akamshika Chande tumbo, akasema sasa ameelewa kwa nini lilikuwa vile.

"Bwana karani!" Chande alimkamata Kifungu ukosi. "Waambie! Wewe unanijua! Waambie mimi ni nani!"

Kifungu alikuwa analia, nasema kwa haki, na si kwa mafua tu. Lakini alifungua daftari, kwa sababu mikono yake haikujua kufanya jambo lingine, akaonyesha ile fomu, imebandikwa humo, yenye alama mbili za dole gumba, ya chokaa na ya wino.

"Ni marehemu," alisema. "Pingamizi la marehemu halipokelewi."

Nje, uani, magari mia mbili na kumi na mawili yalikuwa yameshafungwa farasi. Chande alipofika mlangoni la mia na sita lilikuwa limeshaondoka. Hakujua kama Tunu alichungulia nyuma.

Akatembea siku kumi na moja, safari hii kwenye tope. Hakuna aliyemzuia njiani, hakuna aliyemwuliza cheti cha bwana wake, kwa sababu kila mlinzi alipotazama orodha aliona kwamba mtu huyo hayupo. Malkia aliposimuliwa alifurahi sana, akamwandikia mwanafalsafa wake wa ng'ambo Alhamisi iliyofuata: Katika dola yangu, rafiki, hatimaye yuko raia mmoja asiye na bwana. Kazi imeanza. Wapagazi wanne wakaibeba.

Nyumba ya Bwana Rehani ina ukuta mrefu wa mawe. Mpishi wa nyumba alitoka na ndoo ya maganda, akamwona Chande amesimama pale, akamtambua. Wafu wa sheria walikuwa wengi siku hizo, hakushtuka.

"Anaimba?" Chande aliuliza.

"Nani, Tunu? Aah, baba," mpishi alisema. "Huyo haongei."

Akaingia na ndoo yake. Walinzi walimwacha Chande alipo. Haikuwa kazi yao kufukuza mtu aliyekufa. Alikaa pale mchana ule, na mchana uliofuata, na mpaka leo, nasikia, bado anakuja. Huweka paji la uso kwenye mawe, pale anapodhani jikoni ndipo palipo, na kusema neno alilodaiwa.

"Marahaba, mwanangu," husema. "Marahaba, Tunu. Marahaba."

Halafu husikiliza. Husikia maji yakichemka.